Mstari wa buluu utakuzamisha

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, lakini leo nimeudhika, na nikiudhika huwa naandika.

Vijana watatu ninaowafahamu hapa Nairobi, wote wa kazi yetu hii ya tarakilishi, wameniletea mpango wa safari niutazame. Wanataka kutembea kwa miguu, shanta mgongoni, kutoka Malindi hadi Kipini, ufuoni moja kwa moja, siku 6, wakilala kwenye hema. Wazo lenyewe ni zuri mno na nimewaambia hivyo. Shida ni mpango. Waliuomba kwa roboti ya akili bandia, ikawaandikia ratiba safi yenye vichwa vya habari, kisha wakaihamishia kwenye programu ya ramani, nayo ikawachorea mstari wa buluu kando ya bahari. Kila siku kilomita 20. Kila siku kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa tisa alasiri. Kurasa nne nzima, na neno "bamvua" halimo. "Kupwa" halimo. Mto Sabaki umevukwa kwa maneno mawili: "kwa uangalifu".

Kwa uangalifu! Wenyeji wa Sabaki watakuambia mle mna viboko na mamba, nao hawajali uangalifu wako.

Sasa, siwalaumu sana vijana. Nawalaumu wenzangu, sisi waundaji wa programu, kwa kuwafundisha watu kwamba kila mahali duniani ni barabara. Ukishaamini hivyo, safari inakuwa hesabu ya darasa la tano: umbali gawanya kwa mwendo, jibu ni muda. Jijini hesabu hiyo inakubali, ukiacha foleni. Ufuoni haikubali hata kidogo, kwa sababu ufuo haukai mahali pamoja. Upo kwa saa kadhaa, unaondoka, unarudi. Swali la kwanza la anayetaka kuutembea si "wapi". Ni "lini".

Muulize mvuvi yeyote wa Mambrui au Ngomeni kama unaweza kupita ufuoni hadi mahali fulani. Hatakujibu ndiyo wala la. Atakuuliza, "Leo mwezi ngapi?" Kijana wa bara atatoa simu aseme tarehe 12 Septemba, na mzee atamtazama tu kwa huruma. Anauliza mwezi wa angani umefika siku ya ngapi tangu uandame. Akijua hilo, anajua maji yatakupwa saa ngapi leo na kwa kiasi gani, bila betri wala mtandao.

Tuseme habari ya ramani kwanza, maana wengi hawajui kilichomo ndani yake. Ule mstari wa pwani unaouona kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo programu nyingi za matembezi huitumia, kwa kanuni ya wachoraji wake ni mpaka wa maji ya bamvua yakiwa yamejaa. Yaani ni mstari mmoja, wa hali moja ya bahari, uliogandishwa. Programu ikikuchorea njia kando yake haijui kama saa hiyo mbele yako kuna mita 200 za mchanga mgumu au mawimbi yanayogonga mizizi ya mikoko. Na usidhani data ya mwinuko itakuokoa. Data inayotumiwa na wengi ilikusanywa na chombo cha angani cha Marekani Februari 2000, na kosa lake la kawaida ni mita kadhaa. Kwenye mlima, kosa la mita kadhaa si kitu. Ufuoni, mita kadhaa ndiyo bahari yote! Siku za bamvua pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na siku za maji mafu takriban mita moja tu. Kosa la data ni sawa na tofauti ya kutembea na kuogelea.

Haya, tuingie kwenye maji yenyewe. Pwani yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, au tuseme kwa saa 24 na dakika 50 hivi, kwa sababu mwezi nao unasonga. Kwa hiyo kila siku kupwa huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta pamoja, tunapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, vinavutana kwa upande, tunapata maji mafu. Mpaka hapo ni mambo ya shule. Kinachofaa kukaririwa ni hiki: kwetu, siku za bamvua, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kabisa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yanajaa asubuhi na kupwa huangukia alasiri. Ni kanuni ya jumla, si jedwali, lakini ukiijua huwezi kudanganywa na ratiba ya kijinga.

Rudisha sasa macho kwenye mpango wa wale vijana. Kuondoka saa mbili, kufika saa tisa, kila siku. Siku ya bamvua, ratiba hiyo inawafikisha mwisho wa safari ya siku, wamechoka, wamebeba kilo 15 kila mmoja, saa moja tu kabla ya maji kujaa kabisa. Kama mwisho huo ni mdomo wa kijito, hapo ndipo hadithi mbaya zinapoanzia. Roboti haikukosea hesabu. Ilipanga safari ya barabarani kwa usahihi kabisa, kisha ikaiweka baharini.

Na kuna mtego mwingine ambao ni wetu wenyewe, tena unaniuma zaidi kuliko yote. Saa. Mwambie mtu maji yanakupwa saa nne. Sisi tunaelewa. Lakini simu, hata ukiiweka lugha ya Kiswahili, bado inaonyesha saa ya Kizungu, na mgeni au kijana aliyekulia kwenye skrini atasikia "nne" aandike 4:00. Tofauti ni saa 6. Sasa fikiria: kutoka kupwa hadi kujaa ni saa ngapi? Saa 6 na dakika chache! Maana yake ni kwamba kosa hili haliharibu mpango kidogo, linaupindua juu chini. Anayeamini maji yamekupwa atakuta yamejaa, kamili. Sijui kosa lingine la tafsiri lenye ustadi wa namna hii. Linganisha na lile kosa letu waandishi wa programu la kusahau kwamba jedwali limeandikwa kwa saa za UTC na sisi tuko saa 3 mbele. Hilo linakupata katikati, maji yanapokimbia kwa kasi kuliko wakati wote. Nimeona programu za simu zikifanya hivyo, sizitaji.

Najua mtakaloniandikia. "Lakini kuna programu za maji kujaa na kupwa, tena za bure." Ndiyo, zipo, na nyingi hesabu zake ni nzuri. Hesabu hii ni ya zamani kuliko tarakilishi yenyewe. William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya kuitabiri bahari mwaka 1872, ya magurudumu na uzi, na mashine za ukoo huo ndizo zilizotumika Liverpool kukokotoa maji ya fuo za Normandy kwa ajili ya mashambulizi ya Juni 1944. Kinachofanyika ni kujumlisha mawimbi: moja la mwezi lenye mzunguko wa saa 12.42, moja la jua la saa 12 kamili, na mengine madogo mengi. Mawili hayo makubwa hukutana na kuachana kila siku 14.77, na hiyo ndiyo bamvua. Nimeandika msimbo wake mwenyewe, mistari michache tu. Mzee wa Mambrui anaufanya huohuo kwa vidole.

Kwa hiyo siwaambii mtupe simu. Nasema programu ya maji inakupa kimo cha maji kwenye kituo fulani, na wewe huendi kituoni. Jedwali la Halmashauri ya Bandari limekokotolewa kwa Kilindini. Ndani ya vijito vya mikoko maji hugeuka kwa kuchelewa kuliko bahari wazi, na mto uliofurika haufuati jedwali la mtu. Tena programu hizo zimekaa peke yake, hazizungumzi na ile ya ramani. Moja inajua lini, nyingine inajua wapi, na anayetakiwa kuziunganisha ni mtu aliyechoka, juani, betri ikiwa asilimia 9. Hiyo ndiyo kazi tuliyomwachia mtumiaji, kisha tunajipongeza kwa kitufe kizuri cha rangi.

Ngoja niwape mfano wa mpango unaoanzia kwenye maji, badala ya kunung'unika tu.

Kutoka Malindi hadi Kipini, kwa mstari wa ndege, ni karibu kilomita 90. Ufuo unapinda kwenye Ras Ngomeni na kuzunguka Ghuba ya Ungwana, kwa hiyo miguu itaenda zaidi ya 100. Programu inakupa kilomita 5 kwa saa. Juu ya mchanga mgumu uliolowa, sawa, huenda ukakaribia. Juu ya mchanga mkavu, sahau. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walipima watu wakitembea mchangani wakakuta wanatumia nishati mara 2.1 hadi 2.7 ya ile ya sakafu ngumu, na hao hawakuwa na shanta! Kwa hiyo mchanga mgumu ndio safari, na mchanga mgumu hupatikana maji yakiwa chini tu. Usipange kwa kilomita. Panga kwa madirisha ya saa: mbili au tatu kabla ya kupwa, mbili baada yake, basi.

Sasa, dirisha hilo liangukie saa ngapi? Wengi huchagua siku ya bamvua yenyewe kwa sababu ufuo huwa mpana. Mimi napinga. Kupwa kwa saa nne au tano kunamaanisha unatembea mpaka jua la utosi, na kila siku inayofuata inakusogeza ndani zaidi ya adhuhuri. Ukianza siku ya bamvua, siku ya nne uko juani saa saba mchana. Anza siku nne hivi kabla ya mwezi mpevu, mwezi wa kumi kwa hesabu ya wazee. Hapo maji hukupwa mnamo saa moja asubuhi. Unaondoka alfajiri, unatembea kwenye baridi, unamaliza kabla jua halijawa kali. Kadiri siku zinavyosonga kupwa kunachelewa, karibu na bamvua huwa chini kidogo ya zile dakika 50, lakini ufuo nao unazidi kupanuka, na siku ya sita tu ndiyo utaungua kidogo. Jioni una mbalamwezi ya kupikia. Mwezi mchanga ungekupa maji yaleyale lakini giza.

Kuna tahadhari moja inayotokana na chaguo hilo hilo. Maji yanakua kila usiku. Ukipiga hema juu kidogo ya alama mbichi ya leo, kesho yake alfajiri saa kumi utaamshwa na bahari. Tafuta mstari wa mwani mkavu, uliokatika, wa bamvua iliyopita, upige hema juu yake. Na usiwashe taa hovyo ufuoni usiku, kasa hutaga mayai pwani hii.

Mito ni jambo la pili, tena hapa sitaki mjadala. Sabaki huvukwi kwa miguu mdomoni. Unaingia ndani hadi daraja la barabara ya Malindi kwenda Garsen, unavuka kama binadamu, unarudi ufuoni. Ni saa chache umepoteza. Ukifika sehemu za chumvi, kutoka Gongoni kuelekea Kurawa, kuna mabwawa ya viwanda na vijito vya mikoko vinavyoukata ufuo, na hapo shanta inapanda mtumbwi au inarudi barabarani. Kipini ndiko Tana inakoingia baharini, na Tana haina mchezo. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliwahamisha watu wengi kwenye kaunti ya Tana River. Mpango wowote wa delta ile unaanza kwa kuuliza mvua zilikuwaje, sio kwa kuuliza mstari unapita wapi.

Msimu je? Mitandao yote itakuambia Januari na Februari, bahari shwari, anga safi. Lakini miezi hiyo ni kaskazi, upepo unatoka kaskazini mashariki, nawe unaelekea kaskazini mashariki. Siku 6 za mchanga machoni, tena wakati wa joto kali! Mimi nachagua mwishoni mwa Agosti au Septemba: kusi iko mgongoni, hewa ina nafuu, mvua za masika zimeshapita na mito imeshuka. Gharama yake ni bahari chafu na mwani mwingi ufuoni. Naikubali.

Sasa lile neno lililonichoma zaidi kwenye ratiba ya roboti: "ufuo wa mbali usio na watu". Mbali na nani? Mambrui ni mji wa kale, mwaka 2010 wachimbaji wa China na Kenya walikuta pale sarafu ya shaba ya enzi ya Yongle, yaani watu walikuwa wakifanya biashara ya dunia hapo kabla Vasco da Gama hajazaliwa. Ngomeni, kwenye jukwaa la San Marco baharini, ndiko setilaiti ya Uhuru iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina hilo kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Kijiji cha wavuvi kilichotazama roketi zikipaa tangu 1967 hadi 1988, leo mashine inakiita mahali pasipo na watu! Na watu wa eneo la chumvi wamelilia ardhi yao kiasi kwamba Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti nzima mwaka 2006. Ukipita pale na hema unapita uani kwa mtu.

Hili si suala la adabu peke yake, ingawa adabu ingetosha. Ni usalama. Ukiamini hakuna watu, hutauliza mtu. Usipouliza, hutajua kijito kipi kimehama tangu mvua zilizopita, kisima kipi kina maji matamu na kipi cha chumvi, nani ana mtumbwi. Lita 4 za maji kwa siku ni uzito wa kilo 4, na hakuna anayebeba za siku 6. Kwa hiyo kila usiku wa safari hii lazima uwe karibu na kijiji, na kila kijiji kina mzee wa mtaa, na wavuvi wana ofisi yao ya BMU. Unabisha hodi, unajitambulisha, unasema unatoka wapi na unakwenda wapi, unaomba pa kulala. Hapo umepata ulinzi, maji na utabiri wa bahari kwa mkupuo mmoja. Vituo vya polisi vya njiani viarifiwe pia. Na safari inaishia Kipini. Kupita hapo kuelekea Lamu na msitu wa Boni sitampangia mtu, tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 ile si njia ya kutembea na hema kwa ajili ya burudani.

Vifaa sitasema sana, mtandao umejaa orodha za vifaa. Viatu vyepesi vinavyokauka, kofia, dawa, chandarua. GPS ya simu hufanya kazi bila mtandao, wengi bado hawaamini, kwa hiyo pakua ramani mapema na uzime data. Chapisha jedwali la maji kwenye karatasi, na mbele ya kila saa andika kwa mkono saa ya Kiswahili pia.

Kwenu waundaji wenzangu, hili ndilo ombi, na ni kazi ya wiki mbili kwa mtu aliyeamua. Chukueni mstari wa pwani, uwekeeni saa. Kila kipande cha ufuo kipewe muda wa kupitika, kijito kipewe alama ya "uliza mtu", siku zihesabiwe kwa mwezi wa angani na tarehe pia, na skrini iseme saa nne asubuhi ikimaanisha saa nne asubuhi. Maneno tunayo tayari: bamvua, maji mafu, kupwa, kujaa. Wazee waliyatunga kwa ajili ya kazi hiihii, na sijaiona programu moja ya matembezi inayoyatumia.

Wale vijana nimewarudishia kurasa zao nne nikiwa nimezikata kwa kalamu nyekundu. Jana usiku mmoja alinitumia ujumbe mfupi: "Kaka, leo mwezi ngapi?" Nimemwambia atoke nje atazame.